Kuazima, Kukodi na Kununua Piano

Leo twataka kuwaeleza habari za piano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi, na jinsi vyuo vikipatavyo. Cristofori, fundi wa Florence katika Italia, ndiye aliyekibuni yapata mwaka 1700.

Watu wa Ifakara na bonde la Kilombero huazima mtumbwi, wakaurudisha ule ule. Hukodi trekta, wakalipia eka. Hununua jembe, likawa mali yao. Vyuo navyo hufuata njia hizo. Huko Marekani wako wenye biashara ambao huviazima vyuo piano mpya kwa mwaka, kisha huziuza kwa watu papo hapo chuoni. Na Unguja, chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliagiza ala zake kutoka Misri.

Iko na njia ya nne: kukodi huku mtu akitumaini kununua. Njia hii ilizua shauri kubwa Uingereza. Bwana Helby alimkodisha Bwana Brewster piano kwa shilingi 10 na peni 6 kila mwezi, miezi 36. Akimaliza kulipa, piano ni yake. Akichoka kabla, aweza kuirudisha. Brewster hakumaliza, aliiweka rehani kwa Matthews, akapokea fedha. Mwaka 1895 Baraza la Malodi liliamua kwamba, kwa kuwa Brewster hakufungwa kununua, piano ilikuwa bado mali ya Helby. Matthews akaikosa rehani yake.

Basi chuo kilipacho kwa mwezi kisidhani kwamba kitu ni chake kwa sababu tu kimo chumbani mwake. Tena bonde letu lina mvua nyingi na mafuriko. Unyevu huvimbisha mbao za piano na kutia kutu nyuzi zake, zipatazo 230, sauti ikapotoka. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, yafaa kuuliza: Nani mwenyewe hata malipo yatimie? Nani atamlipa fundi wa kulinganisha sauti? Kikiharibika, hasara ni ya nani? Kununua kinanda kisicho na fundi, hata kwa bei nafuu, ni kununua kabati.

Majibu hayo na yaandikwe. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.