Kabongo, 1960: kura zilihesabiwa, watu hawakusikilizwa

KABONGO – Mwezi wa tano 1960, wiki chache mbele ya uhuru, wakaaji wa teritwari ya Kabongo walichagua wabunge kwa mara ya kwanza. Wanaume tu ndio walipiga kura. Wanawake, wenye kulima na kulea watoto, hawakuwa na haki hiyo, kwa hiyo hesabu ilianza pungufu.

Mawazo ya watu yalijengwa na wakuu wa kimila, mikutano ya vyama, na habari zilizofika na gari la moshi kwenye reli ya Kamina na Kabalo. Kamina, Mulopwe Kasongo Nyembo aliunga mkono Conakat ya Moïse Tshombe. Kabongo, wengi walikuwa nyuma ya Balubakat ya Jason Sendwe, mtoto wa teritwari hii.

Matokeo yalishangaza. Kwa bunge la taifa, muungano wa Balubakat ulipata kura karibu 110,000 na viti 7. Conakat ilipata karibu 105,000 na viti 8. Aliyekuwa na watu wengi alipata viti vichache. Katika bunge la jimbo lenye viti 60, Conakat ilichukua 25, muungano 23.

Wabunge wa Balubakat walipinga na kususia vikao, na bila theluthi mbili serikali ya jimbo haikuweza kuundwa. Tarehe 15 mwezi wa sita, Ubelgiji ilibadilisha sheria. Conakat ikatawala peke yake, na tarehe 11 mwezi wa saba Tshombe akatangaza Katanga kujitenga.

Kaskazini ilikataa. Vita vikaja, vijiji vikachomwa, familia zikakimbia. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walijaa kwenye kambi ya Élisabethville, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa.

Leo kuna njia nyingine ya kupima mawazo: tangu 2016, BERCI na Groupe d'étude sur le Congo wanauliza raia maoni yao juu ya siasa. Lakini swali la 1960 lingali palepale: nani amehesabiwa, na nani ameachwa? Familia iliyokimbia bila kuandikishwa mahali ilipo ina mawazo yake, lakini haionekani kwenye karatasi. Na kimya chake kisichukuliwe kuwa imekubali.