Kifua Kikuu Kisicho Kifuani

Jina ndilo linalotuponza. Waliouita ugonjwa huu kifua kikuu waliona mtu anakohoa, anakonda, anatema damu. Sawa. Lakini hapa Ukunda ukisema fulani ana kifua kikuu cha mgongo, utaulizwa: kifua kimefikaje huko?

Kimefika kwa damu. Kijidudu huingia kwa pumzi, husafiri, hutulia kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole. Mfupa ukiporomoka, mtu huinama. Usaha ukibana uti, miguu hufa ganzi. Maiti za Misri ya kale zina alama hizo. Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa mwaka 1779, ukapewa jina lake, ingawa kijidudu chenyewe Robert Koch alikitambua 1882. Nashuku wale wenye vibiongo tuliowacheka katika hadithi za nyanya zetu, wengi walikuwa wagonjwa tu.

Hata dawa zilipopatikana, watu walilazwa miezi na miezi. Majaribio ya Masan, Korea, yaliyochapishwa 1973, yakaonyesha kwamba anayetibiwa akiwa nyumbani anapona sawa na aliyelazwa. Mwaka mmoja kabla, majaribio ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, yalikuwa yameonyesha kuwa tiba ya mapafu inaweza kufupishwa hadi miezi 6. Mambo yalikuwa yanaelekea pazuri, bwana.

Kisha ikaja VVU. Kenya ilipata mgonjwa wake wa kwanza 1984. Rais Moi akatangaza janga la kitaifa 1999. Kinga ikishuka, kijidudu hakibaki mapafuni, na makohozi yanaweza kupimwa yakaonekana safi. Mgema, mchimba mawe, mpagazi wa hoteli Diani: nani atashtuka akilalamika mgongo? Jirani yetu alikandwa mafuta miezi mitano. Alipopigwa picha, miguu ilikuwa imeshaanza kumkataa.

Na inatibika! Kenya hutoa dawa za TB ya mifupa kwa miezi 12. Upasuaji si wa kila mtu. Ambaye hajaanza ARV huanzishiwa TB kwanza, kisha ARV baada ya wiki chache. Anayetumia dolutegravir huimeza mara mbili kwa siku, maana rifampisini huipunguza nguvu. Mgongo ukiuma kwa wiki kadhaa, na kuna homa au jasho la usiku, mwambie daktari hali yako ya VVU kabla hajakuandikia Panadol.