Walikohamia Wateja wa Benki Kubwa: Historia ya Vyama vya Akiba na Mikopo

Vuguvugu la kuhamisha akaunti lililofikia kilele chake nchini Marekani tarehe 5 Novemba 2011 huelezwa kwa kawaida kama hasira ya muda iliyowashwa na tozo ya dola 5 ya benki moja kubwa. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mafupi mno, kwa kuwa hayagusi swali la msingi, nalo ni mahali walipokuwa wakienda hao waliozikimbia benki kubwa. Mahali hapo palikuwapo. Palikuwa ni vyama vya akiba na mikopo, taasisi ambazo Watanzania na Wakenya wanazijua kwa jina la saccos, na ambazo zilikuwa zimejengwa, zimepiganiwa bungeni na kutetewa mahakamani kwa zaidi ya karne moja kabla ya Mmarekani yeyote kukasirishwa na tozo hiyo.

Chama cha akiba na mikopo ni ushirika wa kifedha ambamo mweka akiba ndiye mwenye mali. Anayejiunga hununua hisa, yaani fungu la umiliki, na kwa hisa hiyo hupata haki ya kukopa pamoja na kura moja katika mkutano mkuu, kura isiyoongezeka hata kama akiba yake ni mara mia ya akiba ya jirani yake. Fedha zinazokopeshwa hutokana na akiba za wanachama wenyewe, na ziada inayobaki baada ya gharama kulipwa huwarudia, ama kama gawio, ama kwa njia ya riba nafuu kwa wakopaji. Benki ya biashara nayo hupokea amana na kukopesha, lakini faida yake ni haki ya wenye hisa, ambao aghalabu si wateja wake, na tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa nyingine zote, ikiwamo namna taasisi inavyoamua tozo zake zipande au zishuke.

Chimbuko la mfumo huu ni nchi za Kijerumani za katikati ya karne ya 19. Hermann Schulze-Delitzsch, aliyekuwa hakimu na mwanasiasa, alianzisha mwaka 1850 katika mji wa Delitzsch chama cha mikopo kwa ajili ya mafundi na wachuuzi ambao benki za wakati ule hazikuwahesabu kuwa wateja. Upande wa mashambani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijiji vya eneo la Westerwald, alianza kwa kuwapatia watu wake unga na mkate kwa mkopo wakati wa njaa ya mwaka 1846 na 1847, kisha uzoefu ukamwonyesha kwamba msaada unaotegemea hisani ya matajiri hukoma matajiri wanapochoka. Kwa hiyo mwaka 1864, huko Heddesdorf, aliunda chama ambacho wakulima walikiendesha wenyewe, kwa sharti la dhima isiyo na kikomo, maana yake kila mwanachama aliwajibika kwa madeni ya chama kwa mali yake yote. Sharti hilo, ambalo leo linaonekana la kutisha, ndilo lililokuwa na ubunifu mkubwa, kwa sababu hakuna aliyekubali jirani yake akopeshwe bila kwanza kujua mkopo ni wa nini na mkopaji ni mtu wa namna gani, na hivyo watu wasio na hati wala nyumba ya kuweka rehani walipata dhamana katika kufahamiana kwao.

Wazo hilo lilivuka bahari kupitia kwa Alphonse Desjardins, mwandishi wa kumbukumbu za mijadala katika Bunge la Kanada mjini Ottawa, ambaye mwaka 1897 alisikiliza wabunge wakijadili riba za kunyonya, mikopo ya aina ile ile ambayo Watanzania wa sasa huiita kausha damu. Kwa miaka mitatu alisoma na kuandikiana na wanaushirika wa Ulaya, na tarehe 6 Desemba 1900 akaanzisha chama katika mji wake wa Lévis, jimbo la Quebec. Kilipoanza kupokea fedha Januari 1901, amana ya kwanza ilikuwa senti 10, na jumla ya siku hiyo ilikuwa dola 26 na senti 40. Kwa kuwa kazi ya bunge ilimweka Ottawa kwa miezi mingi ya mwaka, aliyesimamia vitabu na shughuli za chama alipokuwa mbali ni mke wake, Dorimène, na ni haki kusema kwamba bila yeye mradi huo usingevuka miaka yake ya mwanzo.

Kutoka Quebec, mfumo uliingia Marekani pamoja na wahamiaji waliozungumza Kifaransa, waliokuwa vibarua katika viwanda vya nguo vya Manchester, New Hampshire. Parokia yao, kwa msaada wa Desjardins mwenyewe, ilianzisha mwishoni mwa mwaka 1908 chama cha kwanza cha aina hii katika nchi hiyo. Mwaka uliofuata jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuvitambua vyama hivyo, na miongoni mwa walioipigania alikuwamo Edward Filene, mfanyabiashara mkubwa wa Boston, aliyekuwa ameviona vyama vya mikopo vya vijijini nchini India katika safari yake ya mwaka 1907. Vyama hivyo vya India viliundwa chini ya sheria ya Waingereza ya mwaka 1904, na sheria hiyo, pamoja na ile ya 1912 iliyoipanua, ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo cha sheria za ushirika katika makoloni mengi, Tanganyika ikiwamo, iliyopata sheria yake mwaka 1932. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na vibarua wa Boston, kwa namna hiyo, wanakutana katika ukoo mmoja, jambo ambalo halitajwi vya kutosha katika historia ya ushirika.

Filene alimwajiri mwanasheria Roy Bergengren, na kuanzia mwaka 1921 wawili hao walipigania sheria jimbo kwa jimbo, hadi Rais Franklin Roosevelt alipotia saini sheria ya shirikisho tarehe 26 Juni 1934, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati ambapo benki zilizofungwa zilikuwa zimeondoka na akiba za mamilioni ya watu. Sheria hiyo iliruhusu chama kuundwa mahali popote nchini, lakini kwa sharti kwamba wanachama wawe na uhusiano unaowaunganisha, kama vile mwajiri mmoja, kanisa moja au mtaa mmoja. Viwanda vilipoanza kufungwa katika miaka ya 1980, sharti hilo likawa kitanzi, kwa kuwa chama cha wafanyakazi wa kiwanda kilichokufa hakikuwa na mtu mpya wa kumwandikisha, na mamlaka ya usimamizi ikaamua kuruhusu chama kimoja kukusanya makundi mbalimbali ya waajiriwa. Benki zilipinga uamuzi huo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 25 Februari 1998 zikashinda kwa kura 5 dhidi ya 4. Ushindi huo haukudumu hata miezi sita, kwani vyama viliwahamasisha wanachama wao, Bunge likabadili sheria, na Rais Bill Clinton akaitia saini mwezi Agosti mwaka huo huo. Kama sheria ya mwaka 1998 isingepita, wengi wa waliokusudia kuhama mwaka 2011 wangeambiwa mlangoni kwamba hawastahili kujiunga.

Tozo yenyewe ya mwaka 2011 ilizaliwa na mabadiliko mengine ya sheria. Mnunuzi anapolipa dukani kwa kadi inayotoa fedha moja kwa moja katika akaunti yake, mwenye duka hukatwa ada inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi, na nchini Marekani ada hiyo ilikuwa wastani wa senti 44 kwa kila malipo. Sheria ya mageuzi ya fedha iliyopitishwa mwaka 2010, baada ya msukosuko wa mwaka 2008 ambao ulizifanya benki kubwa ziokolewe kwa fedha za walipa kodi, iliweka ukomo, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2011 ada hiyo haikuruhusiwa kuzidi sana senti 21. Ukomo huo uliwahusu tu wenye rasilimali zinazofikia dola bilioni 10 au zaidi, na hivyo karibu vyama vyote vya akiba na mikopo havikuguswa. Tarehe 29 Septemba Bank of America ilitangaza kwamba ingewatoza wateja dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi zao wenyewe kununulia bidhaa. Siku chache baadaye Kristen Christian, mwenye jumba la sanaa mjini Los Angeles, aliwaita marafiki zake kupitia Facebook wahamishe akaunti zao kabla ya tarehe 5 Novemba, na mwito huo ukaenea nchi nzima, katika majira yale yale ambapo waandamanaji walikuwa wamepiga kambi karibu na Wall Street, mtaa wa fedha mjini New York. Tarehe 1 Novemba benki hiyo iliifuta tozo kabla hata haijaanza kukusanywa.

Kuhusu idadi ya waliohama, uangalifu unahitajika. Muungano wa kitaifa wa vyama vya akiba na mikopo vya Marekani ulitangaza kwamba watu 650,000 walikuwa wamejiunga ndani ya wiki tano, kisha, takwimu kamili zilipopatikana, ukapunguza makadirio hayo hadi takriban theluthi moja. Hakuna benki kubwa iliyoyumba kwa sababu ya tarehe 5 Novemba. Kuhama kwenyewe ni kazi, kwa kuwa mshahara, kodi ya nyumba, bima na malipo ya umeme vimefungwa katika akaunti ya zamani, na anayeifunga kabla malipo yote hayajahamishwa hujikuta akitozwa faini. Hata hivyo, uanachama uliendelea kukua mwaka hadi mwaka, na leo vyama vya Marekani vina wanachama zaidi ya milioni 140.

Afrika Mashariki historia ilichukua njia nyingine, kwani watu wengi hawakuwa wakihama benki, bali walianzia kwenye ushirika kwa sababu benki haikuwahi kuwapokea. Mapadre na walimu walikuwa wajumbe wakuu wa wazo hili barani, kuanzia Jirapa, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1955, na mwaka 1968 muungano wa vyama vya Afrika ukaundwa, makao yake yakiwa Nairobi. Nchini Kenya mfumo ulishika mizizi kupitia makato ya mshahara, ambapo mwajiri hukata akiba na marejesho kabla mfanyakazi hajapokea chake, na chama cha walimu kilichoanzishwa mwaka 1974 ni mfano wake maarufu. Sheria ya mwaka 2008 iliviweka vyama vinavyopokea amana chini ya msimamizi maalumu, na Tanzania ikafuata kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, inayoitaka kila saccos iwe na leseni.

Usimamizi huo unahitajika sana. Mwaka 2025 ilibainika kwamba ukaguzi wa hesabu za muungano wa kitaifa wa vyama hivyo nchini Kenya ulikuta upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13, fedha ambazo vyama wanachama vilizikabidhi kwa kuaminiana. Huko Marekani, ambako akiba ya mwanachama hulindwa na bima hadi dola 250,000 sawa na ya mteja wa benki, hatari ni ya aina nyingine: vyama vinaungana na kukua, idadi yake imeshuka kutoka zaidi ya 7,000 mwaka 2011 hadi chini ya 5,000, na mwanachama mmoja kati ya laki kadhaa hafahamiani tena na anayemkopesha. Anayetaka kuhama, awe Mombasa, Mwanza au Chicago, na aulize kwanza leseni ya chama, hesabu zilizokaguliwa na tarehe ya mkutano mkuu ujao, kisha siku hiyo ikifika ahudhurie na kupiga kura yake.