Foleni ya Vipuri: Historia ya Kusubiri Katika Njia ya Songea

Historia ya uchukuzi nchini mwetu imeandikwa zaidi kwa kuhesabu kilomita za lami na za reli. Ni nadra kuandikwa kwa kuhesabu siku ambazo lori limekaa juu ya mawe likisubiri kipuri. Leo watengenezaji wa magari wanapotangaza kwamba injini au sehemu nyingine yenye kasoro itabadilishwa kwa awamu, wenye malori huambiwa neno ambalo baba zao walilisikia katika miaka ya 1970 na 1980: subirini. Makala hii inauliza swali la kihistoria ambalo pia ni la kisiasa: nani husubiri, kwa amri ya nani, na gharama ya kusubiri humwangukia nani?

Naanzia Songea kwa sababu mji huu haujapata kuwa na reli. Reli iliyojengwa na Waingereza kusini kwa ajili ya mradi wa karanga ilitoka Mtwara ikaishia Nachingwea, na mapema katika miaka ya 1960 ikang'olewa. TAZARA nayo hupita Makambako, yapata kilomita 300 kaskazini. Mahali penye reli, lori likiharibika mzigo hupata njia nyingine. Songea, lori likilala, mzigo nao hulala.

Kabla ya lori palikuwa na mabega ya watu. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyouacha Ungoni na majivu na njaa, eneo hili liliingizwa katika uchumi wa kikoloni kama ghala la nguvukazi. Ofisi ya mashamba ya mkonge iliyoundwa mwaka 1944, maarufu kwa jina la SILABU, ilikusanya vijana wa Songea na Njombe na kuwapeleka katika mashamba ya mbali kama manamba. Kwa familia nyingi, lori lilikuwa chombo kilichowachukua wanaume kabla ya kuwa chombo kilichochukua mazao. Mazao nayo yalikuwapo: chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936 kuuza tumbaku, na kahawa ya Umatengo ikapanuka.

Mabadiliko makubwa yalikuja katikati ya miaka ya 1970. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ili mkulima wa Songea alipwe sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam. Kwa upande wa haki, sera hiyo ilikuwa na hoja nzito: umbali haukuwa kosa la mkulima. Pamoja na mbolea ya ruzuku, iliifanya Ruvuma kuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya mahindi, sambamba na Iringa, Mbeya na Rukwa. Lakini bei moja haikufuta umbali. Ilihamisha gharama yake kutoka kwa mkulima kwenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na kutoka hapo kwenda kwenye ekseli za malori. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na pamoja navyo ukatawanyika uzoefu wa miaka mingi wa kupanga magari na mazao.

Ndipo vipuri vikaadimika. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na katika vita vilivyofuata magari ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na vifaa hadi Uganda. Mengine hayakurudi, na yaliyorudi yalirudi yamechoka. Fedha za kigeni zilipokauka, injini zikawa zinazeeka bila kuzaliwa upya.

Ni muhimu kuelewa jinsi foleni yenyewe ilivyofanya kazi. Seti ya pistoni haikuanza safari yake kiwandani Ulaya. Ilianza kama ombi la fedha za kigeni mezani kwa ofisa. Benki Kuu iligawa kiasi kilichopo. Shirika la Magari la Taifa, SMC, ndilo lililokuwa na mamlaka ya kuingiza magari. Kisha mgawo ukashuka kwa wizara, mashirika na mikoa. Kila hatua ilikuwa na muhuri wake, na kila muhuri ulikuwa na mlango wa uani. Mashirika ya umma yalitangulia. Mwenye lori moja katika mkoa wa mpakani alikuwa mwisho wa mstari, ingawa mahindi aliyobeba yalikuwa ya shirika lilelile lililomtangulia.

Misaada ya nje, kwa nia njema, iliongeza ugumu. Kila mfadhili alileta magari ya kwao: Fiat, Leyland, Bedford, Scania, Isuzu. Lori lililotoka nchi fulani lilidai vipuri vya nchi hiyohiyo, na ghala moja likahitaji aina nyingi za bushi na ringi zisizoingiliana. Kuunganisha Scania katika kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kulilenga kupunguza mchanganyiko huo, lakini kiwanda nacho kilitegemea vifaa kutoka nje, na kwa hiyo nacho kilisimama katika foleni ileile ya fedha za kigeni.

Gereji zikavumbua namna ya kuishi. Magari mawili mabovu yalichunwa ili litembee la tatu. Fundi alichonga kwa tupa kile ambacho kiwanda kilikitoa kwa mashine. Ujuzi huo ni urithi ambao vyuo vyetu havijauthamini vya kutosha, lakini tusiupambe kupita kiasi: kila lori lililochunwa lilikuwa mtaji uliotoweka. Katika miaka hiyohiyo nchi iliagiza nafaka kutoka ng'ambo huku mahindi ya nyanda za kusini yakikaa maghalani kusubiri usafiri. Mkulima aliyepewa bei ya haki kwenye karatasi alicheleweshewa malipo kwa sababu mzigo wake haujafika. Haki ya bei ilikwamia kwenye krankshafti.

Serikali ilijibu kwa njia mbili zilizofuatana kwa haraka. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilitangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Vita hiyo iligusa uchungu wa kweli wa wananchi, lakini ulanguzi ulikuwa kivuli cha uhaba. Kumkamata mwenye kificho hakukuongeza hata pistoni moja. Mwaka 1984, bajeti iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata. Malori na vipuri vikaanza kuonekana tena, na enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikapanua ruksa hiyo. Kwa Songea kulikuwa na bahati ya ziada: katika nusu ya kwanza ya muongo huo barabara ya Makambako hadi Songea ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Uingereza.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, kwamba soko liliua foleni. Sivyo. Foleni ilihama kutoka ofisini kwenda mfukoni. Mwenye fedha alipata kipuri halisi. Asiyekuwa nazo alipata kilichotumika, au bandia. Jambo la pili halikuonekana mapema: nchi ilianza kuishi kwa malori yaliyokwisha kutumika kwingine, yasiyo na uhusiano wowote na kiwanda kilichoyaunda.

Hapa ndipo urejeshaji wa magari yenye kasoro unapoingia. Kiwanda kikigundua kasoro, hutafuta magari husika kwa namba za chasisi na kuwaita wenye nayo. Vipuri visipotosha, kazi hugawanywa kwa awamu. Mfano mkubwa kabisa ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyohusu makumi ya mamilioni ya magari duniani. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani haikuwaachia wauzaji kuamua nani atangulie. Iliweka makundi ya kipaumbele kwa umri wa gari na kwa hali ya hewa, kwa kuwa joto na unyevu viliharakisha hatari. Awamu zilitangazwa hadharani, na mwenye gari aliweza kujua anasubiri kwa nini.

Sasa fikirieni malori yanayotoa makaa ya mawe Ngaka, wilayani Mbinga, yakipita Songea na Tunduru kwenda bandari ya Mtwara, biashara iliyokua sana tangu 2022. Mengi ya malori nchini yamepitia mkono wa pili au wa tatu. Barua ya kiwanda humfuata mmiliki wa kwanza, ambaye huenda yuko bara jingine. Mmiliki wa sasa hana barua wala awamu. Ana rejesho la benki kila mwezi, na dereva ambaye hajui kwamba injini aliyoikalia imetajwa katika tangazo. Yule wa miaka ya 1980 alikuwa mwisho wa mstari. Huyu hayumo hata mstarini.

Dola inacho chombo cha kurekebisha hili. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ina namba ya chasisi na namba ya injini. LATRA inatoa leseni za magari ya biashara. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, inagusa usalama wa bidhaa na wajibu wa mtengenezaji. Kulinganisha orodha ya chasisi iliyotangazwa na viwanda na rejista yetu wenyewe si kazi ya muujiza. Ni kazi ya mafaili kuzungumza. Vyama vya wenye malori navyo vingeacha kudai vipuri pekee, vikadai pia ratiba: awamu ngapi, kwa kigezo gani, na nani atafidia siku ambazo gari halitembei.

Watumishi wa umma watakaosoma haya wazingatie kwamba uhaba peke yake haukuwaudhi watu wa kusini katika miaka ile. Waliuelewa uhaba, walikuwa wameona vita na ukame. Kilichowaudhi ni kutojua mpangilio wa foleni, na kuhisi kwamba unabadilishwa usiku. Kwa wanafunzi wangu wa historia kuna kazi inayosubiri: daftari za gereji, risiti za vipuri na kumbukumbu za madereva wazee wa njia ya Makambako bado zipo majumbani mwa watu, na wenye nazo wanazeeka. Nendeni mkaziandike kabla hazijachomwa pamoja na takataka.