Huzuni ya majira ya baridi ilivyopata jina

Msikilizaji, mwezi Desemba jijini London jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mhamiaji aliyezoea mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima hujiona mzito, mwenye usingizi usiokwisha na asiye na hamu ya sherehe. Wengi hukaa kimya, wakichelea kuitwa wavivu.

Kumbe aliyelipa tatizo hilo jina la kitabibu alikuwa mhamiaji pia. Norman Rosenthal, daktari wa maradhi ya akili mzaliwa wa Johannesburg, alihamia New York mwaka 1976. Baridi ilipoingia alinyong'onyea. Siku ziliporefuka, nguvu zikamrudia. Mwaka 1984, yeye na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 29. Kumi na mmoja kati yao walijaribiwa tiba ya mwanga mkali wa taa, na wengi wakapata nafuu.

Tiba hiyo ingali ikitumika hadi leo, sambamba na dawa na ushauri nasaha. Basi, anayelemewa asione haya kumwendea daktari. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.