Modeli: Istilahi na Utambuzi wa Kompyuta Kongwe

Modeli ni jina au namba ambayo mtengenezaji huzipa mashine zenye muundo mmoja ili kuzitofautisha na nyingine za kiwanda hichohicho. Istilahi tatu huchanganywa nayo. Chapa ni jina la kampuni, kama IBM au Compaq. Toleo ni hatua ya marekebisho ndani ya modeli ileile. Namba ya mfululizo ni ya mashine moja tu, kama namba ya chasisi kwenye gari. Anayesema ana "IBM ya zamani" ametaja chapa, modeli bado.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya karibu. Mfano ni kitu cha kuigwa au cha kufafanulia; kielelezo kimeshika uwanja wa sayansi; mtindo umebaki kwenye mavazi na nywele; aina ni pana mno. Modeli, neno lililozoeleka kwenye magari na injini, lina maana finyu inayofaa. Mvuvi wa Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, anayetafuta propela hana budi kuijua modeli ya injini yake, kwani injini mbili za chapa moja huenda zisivae propela moja. Neno hufuata ngeli ya I-ZI: modeli hii, modeli hizi.

Kwa upande wa kompyuta, Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wake mwaka 1974, na marufuku hiyo ikalegezwa baadaye. Hiyo ni sababu mojawapo ya kompyuta binafsi za mwanzo kuwa adimu nchini. Inapopatikana moja stoo, lebo yake mara nyingi imefifia au imebanduka, hasa penye unyevu wa ufukwe wa Ziwa Victoria. Hapo utambuzi hutegemea mashine yenyewe.

Kompyuta za IBM zinafaa kuonyesha njia. Modeli 5150 ilitoka mwaka 1981, 5160 (XT) mwaka 1983, na 5170 (AT) mwaka 1984. Makasha ya mbili za kwanza yanafanana sana, lakini kwa nyuma 5150 ina nafasi 5 za kadi, na 5160 ina 8. Tena 5150 ina matundu mawili ya duara yaliyokaribiana, moja la kibodi na jingine la kinasa kaseti. 5160 ina la kibodi peke yake. AT hujulikana kwa kufuli la ufunguo upande wa mbele.

Hata hivyo, kasha huweza kubadilishwa. Ushahidi wa ndani umo kwenye BIOS, programu iliyochomwa ndani ya chipu ya mazabodi. Mashine ikiwaka na mfumo wake endeshi wa DOS una programu ya DEBUG, huandikwa debug, kisha d f000:fff0. Katika mstari wa kwanza unaotokea kuna jozi 16 za tarakimu na herufi. Jozi ya 15 hutaja modeli: FF ni 5150, FE ni XT za mwanzo, FC ni AT. Pembeni, kulia, husomeka tarehe ya BIOS, nayo ndiyo huonyesha toleo.

Tarehe hiyo huandikwa Kimarekani, mwezi ukitangulia. 10/19/81 haimpotoshi mtu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 19. Lakini 01/10/84, ya AT ya kwanza, kwa mazoea ya Tanzania husomeka 1 Oktoba, ilhali ni 10 Januari. Anayekosea hapo huiweka BIOS baada ya mashine yenyewe, iliyotangazwa Agosti 1984.

Jozi ya 15 hata hivyo haithibitishi chapa. Kompyuta za kampuni nyingine zilizoiga AT nazo huonyesha FC, ili programu za IBM zizikubali. Kwa hizo, jina la mtengenezaji hutafutwa kwenye maandishi ya BIOS wakati wa kuwasha, au kwenye mazabodi. Rekodi kamili basi hutenganisha mambo manne, kwa mfano: chapa IBM, modeli 5150, BIOS ya 10/27/82, kisha namba ya mfululizo.