Kisu Ndani ya Chupa

Nilipokuwa kidato cha nne nilipika matokeo. Lilikuwa zoezi la pendula, na mimi na mwenzangu tulijua jibu kabla hata ya kufunga uzi: 9.8. Tulichora mstari kwanza, kisha tukarudi nyuma kuandika vipimo vinavyoufuata. Tukapewa alama zote. Kwa miaka mingi sikuona kosa lolote, kwani jibu si lilikuwa sahihi?

Aliyenitia aibu ni mtu aliyefariki mwaka 1953, Robert Millikan, mwanafizikia wa Marekani.

Kisa chake kinaanzia Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1887. Heinrich Hertz alikuwa akitafuta mawimbi ya redio kwa kutazama cheche ndogo zikiruka kati ya vipande viwili vya metali. Ili azione vizuri, alizifunika kwa kisanduku cheusi. Cheche zikafifia. Alipojaribu vizuizi mbalimbali, aligundua kwamba kioo cha kawaida huzipunguza lakini kwatsi haizipunguzi. Kioo huzuia miale ya urujuanimno, kwatsi huipitisha. Kumbe mwanga wenyewe ulikuwa ukizisaidia cheche. Hertz aliandika alichokiona, akarudi kwenye mawimbi yake. Alifariki mwaka 1894, akiwa na miaka 36.

Philipp Lenard, aliyewahi kuwa msaidizi wake, aliendelea na jambo hilo. Kufikia hapo elektroni zilikuwa zimeshajulikana, na ilieleweka kwamba mwanga unazing'oa kutoka kwenye metali. Mwaka 1902 Lenard alionyesha jambo la ajabu: ukiongeza ukali wa mwanga, elektroni huwa nyingi zaidi, lakini hakuna inayotoka na nguvu zaidi. Kama mwanga ni wimbi tu, hilo halieleweki. Ni sawa na kusema dhoruba kubwa husogeza mashua nyingi zaidi, lakini hakuna hata moja inayosukumwa kwa nguvu kuliko siku ya upepo mdogo.

Mwaka 1905 Albert Einstein, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, akiwa na miaka 26, alitoa maelezo. Mwanga huja kwa vifurushi. Kila kifurushi kina nishati inayotegemea masafa yake, yaani rangi yake, na elektroni moja hupokea kifurushi kimoja. Sehemu ya nishati hiyo hulipa gharama ya kutoka kwenye metali, na inayobaki ndiyo mwendo. Kwa hiyo ukichora grafu ya nishati ya elektroni dhidi ya masafa ya mwanga, utapata mstari ulionyooka.

Millikan hakuamini. Kwa miongo mingi ushahidi ulikuwa umeonyesha kwamba mwanga ni wimbi, naye akakusudia kuonyesha kwamba kijana wa Bern amekosea. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi hiyo ilimla miaka kumi. Tatizo kubwa lilikuwa uchafu. Sodiamu na potasiamu huingia kutu mara zinapoguswa na hewa, na uso wenye kutu huharibu vipimo. Akaunda karakana ndani ya chupa ya kioo iliyonyonywa hewa yote, yenye kisu kidogo alichokizungusha kwa sumaku kutoka nje ili kuikwangua metali mpaka uso mpya utokee.

Mwaka 1916 alichapisha matokeo. Mstari ulikuwa umenyooka. Kutokana na mwinuko wake alipata namba ya Planck kwa tofauti isiyofika asilimia moja na tunayoitumia leo. Katika andiko hilohilo alisema bado haamini nadharia ya vifurushi. Lakini vipimo hakuvigusa.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 ilikwenda kwa Einstein kwa ajili ya sheria hiyo, na ya 1923 kwa Millikan. Lenard, aliyepata yake mwaka 1905, alifuata njia nyingine. Alijiunga na Wanazi, akaandika vitabu juu ya "fizikia ya Kijerumani", akamshambulia Einstein kwa sababu ya Uyahudi wake. Vipimo vyake mwenyewe vilikuwa vimemfungulia Einstein mlango.

Ningependa kumalizia kwa kumsifu Millikan, lakini naye ana doa. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1950 aliandika kana kwamba tangu mwanzo alijua matokeo yake yanathibitisha vifurushi vya mwanga. Andiko lake la 1916 linamkana. Aliyekataa kupika vipimo, uzeeni alipika kumbukumbu.

Mwezi uliopita nilifunga uzi kwenye mlango wa jikoni, nikaning'iniza kufuli, nikahesabu mizunguko kwa saa ya simu. Nilipata 9.5. Nikapima urefu wa uzi upya, nikarudia, nikapata 9.6. Nimeziandika zote mbili.